Udi wa Mama Si Limbwata

Mama hupika udi nyumbani kwetu Kuze tangu sijazaliwa: vipande vya udi, sukari, marashi, miski kidogo, kwa moto wa polepole. Asubuhi hufundisha wasichana Kurani, jioni hupika. Wateja wake wote walikuwa watu wa kubisha hodi. Mimi ndiye niliyetaka tovuti, ili jamaa walioko ng'ambo waweze kuagiza.

Nikaenda Tudor kwa bwana mmoja anayetengeneza tovuti katika chumba cha gorofani. Nilimweleza kila kitu, nikamtumia na picha ya mikono ya mama akikoroga sufuria. Hata jina nilimtajia: Chetezo cha Kuze. Alitabasamu, akanigeuzia kompyuta.

"Dada, jina zuri, lakini udi hautafutwi sana. Tazama watu wanaandika nini."

Limbwata. Dawa ya kumvuta mume. Dawa ya kumrudisha aliyeondoka.

"Chagua soko lenye watu," akasema. "Udi ni ule ule, badilisha maneno tu."

"Udi ule ule uwe uchawi?"

"Sijasema uchawi. Nimesema mvuto."

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Wiki ile ile nikajaribu kulisajili jina mwenyewe, nikakuta limeshachukuliwa. Nikaifungua tovuti yenye jina hilo. Mikono ya mama, hina yake, pete yake ya fedha, na juu yake maandishi mekundu: Siri ya wanawake wa Kuze, mume hatoki nje tena.

Hayo maneno "wanawake wa Kuze" ndiyo yaliyonichoma zaidi. Shangazi zangu, majirani tunaopelekeana futari, sote tumefanywa walozi na mtu asiyewahi kuvuka kizingiti chetu!

Nilitaka kumficha mama, lakini mzazi wa mwanafunzi wake alishaiona, akaja kumwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Alipoondoka, mama alivaa buibui lake.

"Nipeleke kwake."

Ofisini palikuwa na wateja wawili. Mama alitoa salamu, akangoja ajibiwe, ndipo akanyoosha mkono wake mezani.

"Mwanangu, mkono huu ndio ushikao msahafu mbele ya watoto wa watu. Nani alokwambia wafunga waume?"

"Mama, hii ni biashara tu."

"Biashara hiyo ni yangu. Yako ni ipi?"

Yule bwana akaigeukia kompyuta yake. Aliiondoa picha mbele yetu, lakini jina alikataa kulitoa. Jina, alisema, ni la aliyewahi. Hapo nikapaza sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Mama akanishika mkono, tukatoka.

Tulichagua jina jingine, Nyumba Yanukia. Mama ndiye aliyelitaja, akiwa jikoni, bila kujali nani anatafuta nini. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika wazi kwamba udi huu haurudishi mume. Maagizo huja machache, ila huja.

Yule bwana angali anauza "siri" zetu kwa jina nililolibuni mimi, na sijui ndani ya vikopo anavyowapelekea wateja anatia nini. Juzi tulikutana Makupa. Akanipa salamu ndefu, akauliza hali ya mama. Salamu nilimwitikia, kwa kuwa ni wajibu. Mengine sikumjibu.