Kiti cha Mzigo

Nakumbuka asubuhi moja pale Igawa, Usangu, mwanangu, kaka yangu Shija alipogombana na mwalimu wa michezo kwa sababu ya kiti cha baiskeli. Nakusimulia leo kwa kuwa nimechoka. Jana nimekuona unarudi kutoka mazoezini umeshika goti, macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kiti chako. Kiko chini! Umenunua jezi ya kung'aa, umenunua miwani, unakunywa vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, lakini kiti umekiacha chini kama cha babu yako.

Babu yako alikuwa na sababu. Tulipohamia Usangu kutoka Usukumani, kazi yetu ilikuwa kubeba magunia ya mpunga kwa baiskeli. Ukiwa na gunia nyuma, kiti lazima kishuke mpaka nyayo zote mbili ziguse chini, la sivyo baiskeli ikiyumba unalala nayo mtaroni. Tulikiita kiti cha mzigo, na kwa mzigo kilitufaa sana.

Sasa Shija akataka kushinda mbio za baiskeli ili achukuliwe timu ya mkoa. Alikuwa na mapafu yule, jamani! Mwalimu wetu, mama wa Kihehe aliyesomea mambo ya mwili na michezo, alimtazama akizunguka uwanja mara moja tu, akamsimamisha.

“Shija, unaendesha umechuchumaa. Wewe ungepanda mlima umechuchumaa?”

“Mwalimu, mi hii baiskeli naijua toka mtoto. Baba ndo kanifundisha.”

“Baba alikufundisha kubeba mpunga. Mpunga wenyewe uko wapi leo?”

Tulicheka, Shija akanuna. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba goti likikunjwa mno, paja halipati nafasi ya kusukuma, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inakandamizwa kila pedali inapopanda. Mapafu yalete hewa, moyo usukume damu, halafu nguvu yote ipotelee hapo! Akamwambia pia aache magunia siku za mwisho kabla ya mbio, maana misuli hujijenga mtu akipumzika. Shija akajibu kwamba kupumzika ni uvivu.

Mimi nilikubali kupandishiwa kiti. Mwanzoni nilijiona niko darini, nikiogopa kuanguka, lakini baada ya muda mfupi mapaja yakaacha kuwaka moto mlimani.

Goti la Shija likaanza kuuma. Unajua alifanya nini? Alikwenda kwa mganga! Akaambiwa karogwa na wapinzani, akachanjwa chale kuzunguka goti lote. Akatoka pale amefurahi, akapanda baiskeli ileile, kiti kilekile. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Dawa ilikuwa spana, na spana ilikuwa nyumbani kwetu.

Siku ya mbio aliongoza mpaka kwenye mwinuko wa mwisho, goti likagoma. Alikaa kando ya barabara kuu akilia, malori yanapita. Timu haikumchukua, na goti halikupona tena. Baba yako mkubwa unayemwona akishuka ngazi za kanisa kinyumenyume, mkono ukutani, ndiye yule ambaye hakuna kijana wa Igawa aliyewahi kumfikia.

Basi nisikilize, sitaki kurudia. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Halafu endesha kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho ndicho kimo cha kiti chako. Ukibeba mpunga, shusha. Ukienda mbio, pandisha. Mazoezi makali yafuate na usingizi. Na goti likiuma, usinyamaze, wala usitafute mchawi kabla hujatazama kiti. Mwili una utaratibu wake, mwanangu, haudanganywi na jezi.

Alfajiri ya leo, ukiwa bado umelala, nimekipandisha mwenyewe na bolti nimeikaza. Ukitaka kukishusha, spana nimempa baba yako mkubwa. Nenda ukamwombe yeye, na umweleze sababu.

Mungu akujalie pumzi ya Shija, na magoti aliyoyakosa.