Kamio ya Plastiki na Matope ya Fizi

Harufu ya kole, gundi ya plastiki, haifanani na nyingine. Si ile ya fundi viatu inayokukata kichwa, wala ile ya seremala inayonuka ngozi ya ng'ombe. Hii ni tamu kidogo, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu nyuma yake kuna ukali kama petroli. Mwezi uliopita nilishuka Lilongwe, kule Old Town, kutafuta zipu na uzi mweusi, kwa sababu huku Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, uzi ulikuwa umeisha soko zima na sare za kwaya haziwezi kungoja. Nikaingia duka la Mhindi mmoja mzee. Kabla sijamsalimia, harufu ile ikanipiga, nikashika meza. Mzee alikuwa na miwani puani, ameinamia kifaru cha vita cha plastiki kisichozidi kiganja, anakibandika minyororo yake kwa ncha ya sindano. Aliniuliza kwa Kichewa kama naumwa. Nikamwambia hapana, zikomo, nimerudi kwetu kidogo, nakuja.

Nanyi mnaonisoma, twendeni wote. Mi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinidai njia iliyonyooka. Nitafika, lakini nitapita kwa jirani kwanza.

Nilizaliwa Uvira. Baba yangu alikuwa konvoyeri wa kamio, lori la misioni, yaani yeye njo aliyekaa juu ya magunia, akapakia, akashusha, na kwenye mlima akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Shoferi alikuwa mzee Lubunga, mtu mnene mwenye sauti kama mapipa yanayobingirishwa. Kamio yenyewe ilikuwa ya jeshi zamani, magurudumu sita, pua ndefu, na waipa moja tu iliyofanya kazi, ile ya upande wa shoferi. Kila Jumamosi iliporudi kutoka Fizi, mzee Lubunga aliishusha mtoni Mulongwe, nami nikaiosha. Kaka zangu walikuwa na mpira wao. Mi nilikuwa na kamio.

Sasa sikilizeni, hapa njo penyewe. Matope yale yalikuwa na mpango. Chini kabisa, yameganda kama ngozi, ulikuwa udongo mwekundu wa milima ya Fizi. Juu yake ulikaa weusi wa Mutambala, mto ulio karibu na Baraka, ambao kamio iliuvuka ndani ya maji kila daraja lilipochoka. Weusi huo uliishia nusu ya gurudumu, mstari umenyooka kama umekatwa kwa mkasi. Halafu juu ya vyote vumbi jeupe la mchanga wa kando ya ziwa, kutoka Mboko mpaka kwetu. Sikuwahi kwenda hata mojawapo ya sehemu hizo. Kucha zangu njo zilinifundisha.

Mwaka ule mama hakuwa nyumbani. Alikuwa Baraka akimuuguza bibi, tangu mahindi yapandwe mpaka yakavunwa. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba alipita Baraka kila wiki akaniletea ndagala, dagaa wa ziwani, na salamu, lakini salamu haina mikono ya kukushika. Nilimwomba mzee Lubunga anichukue safari moja tu. Nilimwomba nikiwa nimepiga magoti. Alijibu lile lile siku zote:

"Kabini si ya batoto. Na juu ya magunia mapadri balishakataza. Ukianguka, nitamwambia nini mama yako?"

Baba hakuweza kusema kitu. Konvoyeri hana sauti mbele ya shoferi, hata kwa mtoto wake mwenyewe.

Pale misioni kulikuwa na atelye, karakana ya useremala, na Mzungu mmoja aliyefundisha humo, mtu mrefu wa kucheka polepole, tukimwita Furere, yaani bruda. Ndugu zake wa Bulaya walimtumia sanduku la makarto madogo, ndani yake vipande vya plastiki vya kuunda magari ya jeshi: vifaru, jipi, kamio. Akawapa wavulana wa atelye, akatangaza mashindano. Atakayeunda gari lionekane kama gari la kweli kabisa, zawadi yake ni kupanda kabini na shoferi, kwenda na kurudi, safari nzima ya Fizi. Na mwamuzi atakuwa mzee Lubunga mwenyewe, maana nani anajua gari kuliko yeye?

Wavulana waliruka kwa sababu ya kabini. Mi niliruka kwa sababu ya Baraka. Lakini nilikuwa mfagiaji tu wa ile atelye, msichana, na masomo nilishaacha. Nikafagia karibu na Furere mpaka vumbi likamkohoza. Kulikuwa na karto moja la kamio lililobaki, panya wameingia, limepungukiwa magurudumu mawili. Alikuwa analipeleka kwenye moto.

"Furere, nipe mi."

"Ina magurudumu manne tu, mtoto."

"Manne ni mengi. Mi nina miguu miwili na ninafika."

Alicheka, akanipa, pamoja na kole kidogo chini ya kichupa. Mtoto wa katekista, Bisimwa, akanifuata mpaka mlangoni. "Dada, kamio hiyo utaipika na sombe ama na maharage?" Wenzake wakaangua kicheko.

Niliiunda wiki tatu, chini ya kitanda cha baba. Kila kipande nilikikata kwenye fremu yake kwa wembe uliochoka, nikakipaka kole kwa mwiba wa mlimau. Siku ya kwanza niliipaka kole kwa kidole, mistari ya kidole changu ikabaki imechapwa juu ya boneti. Alama zile hazikutoka tena. Magurudumu yaliyokosekana niliyapata dispensari: vile vifuniko vya mpira vya chupa za penisilini, muuguzi alikuwa anavitupa. Rangi ya kijani nilikwangua kwenye kopo lililopaka milango ya kanisa. Ilipokauka niliitazama, ikawa nzuri, inang'aa, na nikajua kabisa kwamba si kweli. Kamio ya kung'aa nimeiona wapi?

Basi nikaichafua. Nilimwomba baba aniletee udongo, fundo moja kutoka kila sehemu. Hakuniuliza wa nini. Nikachuja kwa kitambaa cha kichwa cha mama, nikachanganya na maji ya uji wa muhogo ili ushike. Kwanza mwekundu, nikaacha ukauke. Halafu mweusi, mpaka nusu ya gurudumu, mstari. Halafu mchanga mweupe, huo nilipuliza kutoka kiganjani. Masizi ya sufuria nikayaweka mdomoni mwa bomba la moshi. Misumari iliyolala kwenye maji ya limau ikanipa kutu, nikaigusisha pembeni mwa milango, pale mikono ya watu inapokwangua rangi. Mwisho nikafuta kioo cha mbele kwa ukucha, nusu duara moja tu, upande wa shoferi. (Yule mzee wa Old Town nilipomweleza haya aliandika yote nyuma ya karatasi ya risiti, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi.)

Siku ya mashindano magari yalipangwa juu ya meza, kila moja na namba, bila majina. Kifaru cha Bisimwa kiling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kamio yangu ilikaa mwisho. Kicheko kilianza mbali kikaja kama mvua.

"Iko chafu! Hata kuoga haioge!"

"Imetoka jalalani hii!"

Hata Furere aliishika, akaigeuza, uso wake ukawa wa mtu anayetafuta neno la huruma. Nikaona kabini inaenda. Nikamwona mama anaenda. Nilitaka kuichukua nikaioshe upesi kwenye ndoo, kweli kabisa, miguu ilishaanza kutembea, na mlangoni nikagongana na tumbo la mzee Lubunga.

Aliingia, akapita vifaru bila kusimama. Akafika kwenye namba yangu. Akainama mpaka tukasikia mkanda wake unalia. Akanusa. Halafu akaongea na ile kamio, si na sisi.

"Wewe umetoka Fizi," akasema. "Hii ni kilima, mvua ilikukuta juu. Hapa umevuka Mutambala, maji yalikuwa ya kiasi tu, hayakufika kwenye dinamo. Halafu ukapata jua, ukatembea kando ya ziwa mpaka nyumbani." Akaweka kidole mbele ya kioo, akaanza kucheka, tumbo likatikisika na meza nayo. "Na waipa ya kushoto tu! Bajinga nyinyi, hii ni kamio yangu! Nani kati yenu alipita njia ile bila kuniambia?"

Nikasema kutoka mlangoni, "Ni mi, mzee. Lakini sikupita. Niliosha."

Akageukia mlangoni. Najua alikuwa anahesabu Jumamosi zote alizokaa kwenye jiwe pale Mulongwe akivuta tumbaku huku mi niko chini ya gari. Halafu akaita kwa ile sauti ya mapipa, "Konvoyeri! Kuja hapa! Huyu mtoto wako kesho anakaa mbele!" Baba aliingia na unga wa magunia usoni, machozi yakachora njia mbili ndani ya unga. Bisimwa, tumpe haki yake, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Jamani, kabini! Kiti kilinichoma mapaja, nikaona ni kizuri. Njiani nilikuwa nasema kabla hatujafika: sasa mchanga utaisha, sasa utakuja weusi. Na weusi ukaja. Mzee Lubunga aligonga usukani, "We mtoto, we ni mchawi ama ni ramani?" Nikajibu mi ni mtoto wa konvoyeri. Akacheka mpaka Baraka.

Mama alinishika mpaka mbavu zikalia. Nikampa kamio kwa mikono miwili, nikakimbia ndani kumwamkia bibi. Niliporudi, mama ameketi na beseni mapajani, sabuni mpaka viwiko, anasugua. Kamio ya kijani inang'aa. Magurudumu mawili ya penisilini yanaelea kama ndagala.

"Uchafu uliokuwa humo, mwanangu! Nimekutakatishia."

Nililia kilio ambacho majirani walikuja kuuliza nani amefariki. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama alituangalia mmoja mmoja, sabuni inadondoka. "Sasa mi nimekosa nini? Kitu kikifika kwangu kinaoga." Kisha akanivuta, akaniosha na mimi, miguu kwanza.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kosa la mama. Watu walicheka, nami nikacheka. Vita vilitupitia, mama akabaki kule kaburini, kamio sijui iko mkononi mwa nani. Nilifika Malawi mtu mzima, na kandambili za rangi mbili tofauti. Katika ofisi moja ya wakimbizi ya Lilongwe bwana mmoja aliniuliza karatasi zangu. Nikasema zimeungua. Akaniuliza majina ya wakubwa wa kwetu, na kwa woga majina yote yakaruka. Nikaona kalamu yake inalala. Akasema kupitia dada mtafsiri, basi nieleze njia ya kutoka Fizi mpaka Uvira. Mtu aliyezaliwa kule ataijua.

Nikafumba macho. Nikaona gurudumu. Nikaanza chini: mwekundu. Nikapanda: mweusi, nusu, mstari. Nikapuliza mchanga juu ya kiganja changu, pale pale mbele ya meza yake. Dada mtafsiri akaacha kutafsiri. Alikuwa mtu wa Makobola, kijiji cha njia ile ile, sikujua. Akamwambia yule bwana kitu kirefu huku akifuta macho, na kalamu ikasimama, ikaandika, ikaandika. Karatasi ilikuja baadaye, jina langu juu yake, halijakosewa hata herufi.

Jioni ya siku ile ya maswali nilirudi Dzaleka nimetembea sana, udongo wa huku umenipaka mpaka magotini. Jirani yangu mpya, Mama Sifa, mtu wa Bukavu, hatujawahi kuongea, alinitazama miguu. Hakuuliza swali hata moja. Alileta beseni, akaliweka mbele yangu, akakunja kitenge chake, akachuchumaa.

"Leta miguu, mama. Umefika."

Niliitumbukiza. Maji yakawa mekundu, na safari hii sikuyalilia matope yangu.