Kope ya Pongo

Nikipita sokoni penye samaki wa chumvi wa Kasenga, harufu ile hunirudisha barazani kwetu, nikiwa mtoto. Baba ameketi kwenye jua la jioni, ngozi ya kichwa cha pongo, yule swala wa msituni, iliyotiwa chumvi isioze, iko magotini pake. Mzungu aliyemwinda alitaka kichwa kile kitundikwe ukutani kama kingali hai. Kazi ya baba ilikuwa kuipunguza ngozi kwa kisu mpaka ilainike kama kitambaa. Mashavu hayakumsumbua. Aliogopa kope tu: kisu kikipenya hapo, kichwa kizima kimeharibika.

“Kuya huku, mama,” aliniita mimi bintiye. “Funga macho.”

Dole gumba lake, lenye unyevu wa chumvi, lilipapasa kope yangu taratibu, kisha ya pongo, kisha yangu tena.

“Bado. Ya huyu nyama iko nene. Usifungule.”

Sikufungua. Ndani ya kope zangu jua lilikuwa jekundu. Nikawa kama naelea, kisu kikikwaruza polepole, honi ya kiwanda ikilia mbali.

Siku baba alipokata roho, mimi ndiye niliyemfumba macho. Dole gumba langu lilichelewa juu ya kope yake. Hapakuwa na cha kupunguza.