Jibu la Tekla Kuhusu Nyota Mbili

Nakumbuka asubuhi moja pale Mbinga, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana wa fizikia, suti moja, majivuno ya suti kumi. Soko huria lilikuwa limeingia. Wanunuzi wa kahawa walipanda milima yetu na magari yao, shule nazo zikaanza kudai ada. Mfadhili alitupa nafasi moja tu ya kumsomesha mwanafunzi hadi kidato cha sita, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutunga mtihani wa kumpata.

Nikauliza: nyota mbili zimelipuka, mabaki ya moja yanatoa eksirei kali, ya nyingine hafifu. Ipi ililipuka kwa nguvu zaidi? Wote wakaandika ya kwanza, kama nilivyotaka. Tekla, binti wa kijiji cha Chiwanda huko ziwani, akaandika kwamba hawezi kujua mpaka aambiwe kila nyota ilizungukwa na gesi kiasi gani. Mlipuko, alisema, ni kama wimbi la ziwa: huko katikati hulioni, likigonga miamba ndipo linaruka jeupe.

Nilicheka. Sisi Wamatengo wa milimani tuliwaona watu wa ziwani kuwa walaji wa usipa tu, vile visamaki vidogo vya ziwa, wavivu wa jembe. Nikampa sifuri, nikamwambia mbele ya darasa, "Hapa hatuvui samaki." Nafasi akapewa mwingine. Tekla akafunga sanduku lake, akashuka kwao.

Muhula uliofuata, padri mzee aliyenifundisha fizikia aliisoma karatasi ile. Hakunipandishia sauti. Akanieleza kwamba mlipuko husukuma gesi ya jirani na kuichemsha mno. Gesi ikiwa nyingi, eksirei huwaka sana, ikiwa haba, hata mlipuko mkubwa huonekana mnyonge.

"Mtoto umempima kwa ujinga wako," akasema.

Ningeshuka siku ileile. Lakini aibu, we acha tu. Nilikaa mwaka mzima. Nilipofika Chiwanda nilimkuta Tekla ameolewa, mtoto mgongoni, anaanika usipa. Akaniamkia shikamoo, akanipa kigoda. Nikamwambia alikuwa sahihi.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Ungekuja nikiwa bado nyumbani kwa baba."

Akaendelea kuanika.

Kwa hiyo, mwanangu, usimwite mtu dhaifu kabla hujauliza amezungukwa na nini. Na ukimkosea, nenda leo, aibu isikucheleweshe. Samahani yangu niliifikisha, haikumsaidia kitu. Mungu akuepushe na uchungu huu ninaolala nao, akujalie miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi ikingali na faida kwa uliyemkosea.