Kachumbari Hailali

Siku ya kwanza kazini sikuongea na mtu. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja matokeo, na Mama Shiru, anayeuza smokie, zile soseji za moshi, hapa Kiganjo, alitaka mtu wa kukata. Alinipa kisu na kiti cha plastiki nyuma ya toroli.

"Wewe ni wa kunyamaza," akasema. "Hiyo ni poa. Anayeongea sana hutemea vitunguu."

Nilianzia kwa vitunguu. Ukivizoea unapandishwa cheo hadi nyanya, halafu dhania. Kupasua, yaani kuichana smokie katikati na kuijaza kachumbari mbele ya kastoma, ilikuwa kazi ya Kevo, aliyenitangulia kazini. Alinitania ati napenda vitunguu kwa sababu machozi yananipa kisingizio cha kutoangalia watu. Hakukosea.

Sheria ya Mama Shiru ilikuwa moja: kachumbari hailali. Ikibaki jioni, beba nyumbani. Kwa hivyo nilibeba. Baba huipenda na ugali, na siku hizi hana hamu ya kula. Ana hepatitis B ya miaka mingi. Ini lake limejaa makovu, hata dawa ya kichwa hamezi bila kuuliza daktari.

Halafu Kevo akaanza kuchokachoka, akasema ni jua. Jumatatu akaja macho yakiwa manjano. Mama Shiru alimtuma hospitali, akafunga kazi. Kesho yake Mama Shiru akanipigia: ni hepatitis A, ile inayotoka chooni ikapitia kwa mikono hadi kwa chakula. Kisha akauliza:

"Ile kachumbari ya Jumamosi, babako alikula?"

Alikula. Alipanguza bakuli na ugali.

Nilimwambia Baba nikiangalia sakafu. Hakunigombeza, alitafuta viatu. Kliniki ya Thika, daktari alieleza polepole kwamba ini zima mara nyingi hupona lenyewe, lakini la Baba limeshachoka, likipata hii linaweza kukataa kabisa. Tulichanjwa sote wawili.

"Mmekuja mapema," akasema, "lakini siwezi kuwaapia. Angalieni macho na mkojo kwa wiki kadhaa."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Mama Shiru amerudi kazini, ameweka tangi lenye mfereji na sabuni, ananiita. Sijaenda. Hata nikimmenyea Baba ndizi naogopa vidole vyangu.

Kama ni wewe umepewa kiti changu, ukitoka choo nawa kwa sabuni, hata kama wateja wanapiga kelele. Kevo hakuwa mchafu. Sote tulikuwa tunanawa kwa beseni moja, maji yaleyale tangu asubuhi.

Kila siku nikiamka namwita Baba dirishani nimwangalie macho. Yeye hucheka, ati nimekuwa daktari. Leo nilipomaliza hakuondoka. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwa mwanga, akaangalia jicho moja, akaangalia la pili, akarudia la kwanza.

"Na yako pia yaangaliwe," akasema. Hakuwa anacheka.