Silabi Iliyompa Koplo Nishani

Koplo alikuwa na sikio moja tu la kazi. La kushoto liliharibiwa na mizinga ya mazoezi, likabaki, kama alivyosema mwenyewe, la kushikia penseli. Alipotoka jeshini akawa fundi wa kutengeneza cherehani, na kweli penseli ilikaa hapo mpaka uzeeni.

Hata mke alimpata kwa kusikia vibaya. Aliitwa nyumba ya jirani kutengeneza cherehani iliyokwama, akabisha hodi nyumba isiyo yenyewe. Binti wa nyumba, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akisahihisha madaftari, akamwambia hawakuita fundi.

"Basi, maadamu nimeshafika," akasema, na kuomba aonyeshwe ya kwao.

Ilikuwa nzima. Alipoondoka haikuwa nzima tena, ikabidi arudi kesho yake, na keshokutwa.

Huyo ndiye aliyepewa nishani ya ushujaa vitani. Mkewe, Mwalimu, aliipangusa kwa kitambaa laini na kuirudisha ukutani. Koplo aliitoa ukutani na kuizuilia pazia lisipeperuke. Na mgeni alipoiulizia, Koplo hakuwa na haya.

"Sajenti alipiga kelele, 'Likimbieni daraja!' Mimi nikasikia, 'Likimbilieni!' Wenzangu wakaenda huko, mimi nikaenda kule. Nishani hii, ndugu yangu, ni ya uziwi."

Mgeni hucheka hadi machozi, na hapo Mwalimu huingilia: "Baba watoto, chai inapoa."

Alikuwa na sababu. Alifundisha kauli ya kutendea miaka nenda miaka rudi, akiwakata watoto wa watu maksi kwa silabi moja tu, kumbe mume wake mwenyewe amepambwa kifua kwa kuizidisha silabi hiyo hiyo! Jina la familia halijengwi kwa kosa la sarufi.

Koplo alifariki mzee, usingizini. Baadaye kikosi chake cha zamani kikaamua ukumbi mpya upewe jina lake, na mjane akaombwa kusema machache. Mwalimu hajui machache. Aliandika hotuba yenye simba, radi na mwamba usiotikisika. Binti yake akaisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Mama, huyu wa kwenye karatasi ni nani?"

"Baba yako."

"Baba aliogopa mjusi."

"Mjusi hatajwi katika hotuba."

Lililomkosesha raha ni kwamba kabla yake angesema Kinyozi, yule askari ambaye Koplo alimbeba mgongoni kutoka darajani. Kinyozi na mdomo wake! Siku moja kabla ya sherehe, Mwalimu akavaa viatu vyake vya mikutano, akamfuata kazini. Wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi, na kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa cha kunyolewa. Akakaa hapo, mkoba mapajani, akijitazama kwenye kioo.

"Karibu, shemeji. Tunapunguza au tunaondoa zote?"

Benchi zima likacheka. Mwalimu hakugeuka.

"Nimekuja kwa neno moja. Ile habari ya 'li', kesho uiache."

Kinyozi akazima mashine. "Nikiiacha hiyo nitasema nini? Mwenyewe ndivyo alivyoisimulia."

"Watacheka. Jina la baba wa wanangu liko ukutani, halafu watu wacheke chini yake?"

"Watacheka, halafu watanyamaza. Si unaujua mwisho wake?"

Mwalimu akajikohoza. Hajapata kukiri mbele ya darasa kwamba kuna jambo asilolijua, na benchi lile lilimtazama kama darasa. "Nikumbushe."

"Nimelala darajani, paja limepasuka. Namwona huyo anakuja mbio, peke yake. Nikamwambia, 'We bwege, umefuata nini? Wamesema tulikimbie!' Akasema, 'Tulikimbilie.' Nikamvuta, nikampigia kelele kwenye sikio zima: 'Tulikimbie! Linalipuliwa sasa hivi!' Hapo akaelewa. Akageuka, akaona wenzetu wameshapotelea ng'ambo. Njia ilikuwa wazi, shemeji, kwa mtu mmoja asiye na mzigo. Akanitazama, akakuna kichwa, akasema…"

"Maadamu nimeshafika," Mwalimu akakiambia kioo.

"Si nilijua unaujua!"

Hakuujua. Kila Koplo alipofika kwenye "li", chai ilikuwa inapoa.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kinyozi akafika kwenye silabi, watu wakaangua kicheko, mkuu wa kikosi akashika tumbo. Kwenye mstari wa mbele, mjane akahisi yale maneno ya chai yakimpanda kooni. Akayameza, akashikilia mkoba kwa mikono miwili. Kicheko kikachuja. Kinyozi akaendelea, na alipofika pale Koplo alipokuna kichwa, zilisikika feni peke yake.

Kisha akaitwa yeye. Alipanda jukwaani, akafungua mkoba, akaitazama hotuba ya simba na radi, akaufunga tena. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa hakuwa ameandaa nyingine. Watu wanangoja. Binti yake amefumba macho.

"Basi," akasema Mwalimu, "maadamu nimeshafika."

Akaanza na ile cherehani iliyokuwa nzima.