Fagio la Mzee wa Mipangilio

Kazini walimwita Mzee wa Mipangilio, ingawa mvi zake ungeweza kuzing'oa zote kabla chai haijapoa. Mwandishi wa programu akipewa kompyuta mpya, alimpelekea yeye kwanza. Angeipakata, akabadilisha rangi za skrini zisiumize macho, akaifupisha kila amri ndefu ikawa herufi mbili, kisha akairudisha kwa mwenyewe huku akimtania.

"Mbona unaandika neno zima kama unamwandikia mkwe? Herufi mbili zinatosha. Vidole navyo vina haki zao."

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, alitupia dokezo moja kwenye kundi la wafanyakazi wenzake: namna ya kutafuta neno ndani ya mafaili yote kwa mpigo, namna ya kurudi ulikotoka kwa kitufe kimoja, namna ya kuiamuru mashine ifanye yenyewe kinachokuchosha. Watu walimshukuru kwa vidole gumba. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilichechemea nyuma, lakini nani angemsema mtu anayeinolea ofisi nzima visu? Yeye kunoa alikupenda. Kukata alikuahirisha.

Kifaa alichojivunia kuliko vyote alikiita Fagio. Ilikuwa programu ndogo, mistari michache tu, iliyopita kwenye kompyuta kila wiki na kufuta kabisa faili lolote ambalo halijafunguliwa kwa miezi mitatu. Haikulipeleka kwenye pipa la taka kwanza, maana pipa, alisema, ni uchafu uliohamishwa chumba. "Usichokifungua hukihitaji," aliandika siku alipowagawia wenzake, na maneno hayo yakapendwa hata yakabandikwa ukutani juu ya birika. Mafaili yake mwenyewe yalikuwa na nakala kwenye kompyuta ya pili nyumbani kwake, ambayo aliipanga iige kila inachofanya ile ya kwanza.

Dada wa mitandao pale kazini, mtu wa maneno machache, alimwonya siku moja.

"Hiyo si akiba, kaka. Hicho ni kioo. Ukinyoa ndevu, na aliyemo kwenye kioo ananyoa."

Alicheka. Akasema ataweka akiba ya kweli akipata nafasi.

Mama yake alikuwa opereta wa simu tangu enzi za kuchomeka nyaya. Sauti yake ilikuwa mali ya mji mzima. Wako watu ambao hawakuwahi kumwona, lakini aliposema dukani "naomba sabuni," waligeuka na kumwamkia, kwa kuwa wote alishawaambia wakati fulani, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Alipostaafu alihamia kwa binti yake mkubwa, fundi cherehani, akanunuliwa simu ya kisasa, na katika yote yaliyomo akachagua moja: kumrekodia mwanawe ujumbe wa sauti. Kila siku. Habari za jirani, habari za goti lake, swali kama amekula, na kicheko hapa na pale.

Mzee wa Mipangilio aliona alama ya ujumbe ikiwaka na kusema moyoni, nitasikiliza nikitulia. Ili simu yake isilemewe, aliipanga ihamishe yenyewe sauti zote hadi kwenye kompyuta, ndani ya folda aliyoiita Mama. Halafu alimjibu kwa maandishi: "Sawa Mama. Nimekusikia." Hata hilo jibu alikuwa amelifupisha. Aliandika herufi mbili tu, simu ikamalizia yaliyobaki.

Kiharusi kilimkuta mama akianika nguo. Mkono wa kulia ulikufa, na sauti ikaondoka yote. Akili ilibaki nzima, na huo ndio uliokuwa msiba wenyewe, kwa sababu alijua kila alichotaka kusema na kilichotoka kinywani kilikuwa mguno. Hospitali waliwapa programu ya kusemea. Unabonyeza picha ya kikombe, na mwanamke mgeni, kijana, anasema, "Ninahitaji maji." Mama aliisikiliza mara moja. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto na kugeukia ukuta, asitake tena kuiona.

"Hataki sauti ya kuazima," dada mtu alisema. "Amekula jasho la sauti yake maisha yake yote, leo asemewe na mtoto wa watu?"

"Mimi ninazo zake," Mzee wa Mipangilio akasema. "Ninazo zote, dada. Nitazikata neno moja moja, nimwekee vitufe kwenye simu yake. Akibonyeza maji, atasikika yeye mwenyewe akisema maji."

Mama aligeuka kutoka ukutani. Alimshika mwanawe kidole cha shahada, akakibana kwa nguvu zote za mkono uliobaki, na hakukiachia mpaka alipoitikiwa, "Ndiyo Mama. Naahidi."

Mtu mwingine angeanza kwa kusikiliza. Huyu alianza kwa kupanga meza. Alitengeneza kwanza programu ya kukatia sauti, kisha programu ya kuvipa vipande majina, kisha nyingine ya kuzifanya hizo mbili zielewane. Alichagua umbo la herufi zisizomchosha mgonjwa, akalibadilisha, akalirudia la kwanza. Kila hatua ilizaa dokezo, na kundi halikuwahi kupata madokezo matamu kama ya miezi ile. Yote hayo aliyajaribu kwa sauti yake mwenyewe, akihesabu moja, mbili, tatu.

"Umefika wapi?" dada yake alimpigia.

"Niko kwenye msingi."

"Msingi gani, unajenga ghorofa? Huku mama anagonga kikombe kitandani kama mfungwa. Mimi nashindwa kujua anataka maji au anataka kufa."

"Vumilia kidogo, dada. Nataka kiwe kizuri."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila tumbo lililouma halikuwa la aliyesema ngoja.

Hatimaye alikwenda. Aliketi kando ya kitanda, akachukua simu ya mama na kuifuta ikawa tupu kama imetoka dukani, kwa kuwa programu yake ilipenda kuanza pasafi.

"Na vilivyokuwemo?" dada aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Vyote viko kwangu."

Kisha akafungua kompyuta, na ndani yake ile folda ya Mama. Kulikuwa na faili moja.

Alidhani amekosea folda. Akatafuta kwa zile amri zake zote za mkato, upesi. Akaunganisha na kompyuta ya nyumbani, na kule nako faili lilikuwa moja, lile lile. Aliyemo kwenye kioo alikuwa amenyoa. Fagio halikukosea hata kidogo. Liliupitia kila ujumbe wa mama yake, likauuliza kama umewahi kufunguliwa, ukajibu haujawahi, likafagia.

"Nini?" dada alisimamisha cherehani.

"Zimefutika."

"Nani kafuta?"

Alitaka kusema programu.

"Kwani ulikuwa huzisikilizi?" Sauti ya dada ilishuka, na afadhali angepiga kelele. "Alikuwa akija hapa na simu mkononi, anafurahi. 'Mdogo wako kanijibu. Kasema kanisikia.' Kila siku, wewe. Kila siku!"

Mama alikuwa akiwatazama wote wawili. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Faili lililosalia lilisalia kwa sababu aliwahi kulifungua, wiki chache nyuma, alipokuwa akijaribu kitufe kipya cha kupandishia sauti. Alilichezesha nusu sekunde, kitufe kikafanya kazi, akalifunga. Sasa aliliacha liende mpaka mwisho. Sauti ya opereta ilijaa chumbani, nzima, na tabasamu ndani yake: "Haya mwanangu. Naona una kazi nyingi. Sikusumbui."

"Muwekee hiyo," dada alisema.

"Hiyo haimsaidii, dada. Haina maji, haina..."

"Ni yake au si yake? Muwekee."

Akaiweka. Kitufe kimoja kikubwa katikati ya skrini, herufi za mviringo, rangi isiyoumiza macho. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Siku hizi anakwenda kila Jumapili. Madokezo ameacha kuyatuma, na watu wa kundi wameshaacha kuuliza. Anaketi kando ya kitanda, na mama anabonyeza.

"Haya mwanangu. Naona una kazi nyingi. Sikusumbui."

Anainuka haraka na kumletea maji. Mama anakisukuma kikombe. Anafungua pazia, anamgeuza ubavu, anamfunika miguu. Mama anamtazama, ananyoosha mkono wa kushoto, na kubonyeza tena.